MWINDO, MTOTO ALIYEKATALIWA: UTAMBULISHO NA THAMANI YA NAFSI KATIKA UTENDI WA WANYANGA

1.0 Utangulizi

Riwaya ya fantasia iandikwayo kwa ajili ya vijana mara nyingi huwa na kiini kimoja: kijana anayedharauliwa na wenziwe hugundua kwamba ndani yake mna nguvu ambayo wengine hawakuiona, na safari ya kuitumia nguvu hiyo huwa ndiyo safari ya kujijua. Akata Witch (2011) ya Nnedi Okorafor, inayosimulia habari za Sunny, msichana mwenye ualbino aishiye Nigeria, ni mfano unaojulikana. Wasomaji wa Kiswahili nao walikwisha kuzoea maajabu ya namna hiyo tangu Shaaban Robert alipotuandikia Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili waovu hugeuzwa manyani. Hata hivyo, kisa kinachokikaribia zaidi kiini tulichokitaja kilitambwa kwa Kinyanga, katika misitu ya Walikale, kabla ya riwaya hizo zote. Kisa hicho ni utendi wa Mwindo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utendi huo unavyolijibu swali la thamani ya nafsi, na kwa nini jibu lake halikamiliki bila ya sehemu ya mwisho.

2.0 Mahali na mtambaji

Barabara itokayo Goma hufika Sake, kisha hugawanyika. Tawi moja hufuata ufuko wa Ziwa Kivu hadi Kirotshe. Jingine hupanda milima ya Masisi na kuelekea magharibi, kwenye misitu ya Walikale, nchi ya Wanyanga. Huko ndiko Daniel Biebuyck alikomsikiliza Shekarisi Rureke mwaka 1956. Mtambaji huyo alisimulia, akaimba na kuigiza kwa muda wa siku 12, huku wapigaji wakimpa mdundo. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga, waliuchapisha utendi huo mwaka 1969 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha matini nyingine, nazo zinatofautiana sana na ile ya kwanza. Kwa hiyo tukisema “Mwindo” hapa, tunamkusudia Mwindo wa Rureke.

3.0 Kukataliwa na kupokewa

Shemwindo, mtawala wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wazae watoto wa kike tu. Wa kiume atauawa. Sita walitii. Mke wa saba, kipenzi chake, alimzaa Mwindo, naye mtoto hakupita njia ya kawaida bali alitokea kwenye kidole cha mamaye. Alizaliwa akitembea na kusema, mkononi ameshika mgwisho uitwao conga. Jina lenyewe, Mwindo, hupewa mtoto wa kiume aliyetanguliwa na mabinti. Na jina lake la sifa, Kabutwakenda, lina maana ya kadogo kalikozaliwa kakatembea. Yaani tangu mwanzo utambulisho wake umefungamana na udogo wake.

Baba alimtupia mikuki, haikumpata. Alimzika, akafukuka. Mwishowe alimtia ndani ya ngoma, akaamuru itupwe mtoni. Ndani ya ngoma hiyo mtoto aliimba, akisema kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, joka la maji.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa haraka huweza kulipuuza. Mwindo ana nguvu za ajabu, lakini hatendi peke yake. Shangazi humpokea. Wajomba zake, ambao ni popo na wahunzi, humfulia mavazi ya chuma. Kahindo, binti wa Muisa aliye mgonjwa wa buba, humpa shauri la kuokoka kuzimu, naye Mwindo humwosha vidonda bila kinyaa. Alipoteremka kuzimu kumfuata babaye aliyekimbia, alimwachia Iyangura ncha ya kamba: kamba ikitulia, shangazi ajue kwamba mwanawe amekufa. Kamba hiyo ni ishara bora ya thamani ya nafsi katika utendi huu. Mtoto aliyetupwa na baba ana thamani kwa kuwa yuko mtu, upande wa pili, anayesubiri kuona kama kamba inatikisika.

Mwindo alimpata babaye, lakini hakumwua. Walirudi Tubondo, waliouawa wakafufuliwa kwa mgwisho uleule, Shemwindo akakiri kosa lake mbele ya watu, na nchi ikagawanywa baina ya baba na mwana.

4.0 Kutamba na kutiwa adabu

Riwaya nyingi zingekomea hapo. Utendi wa Rureke unaendelea. Katika Kiswahili kitenzi kutamba kina maana ya kusimulia na pia ya kujigamba. Mwindo ni mtambaji kwa maana ya pili, kwani kila ushindi huusindikiza kwa majigambo. Alipomwua zimwi Kirimu lililowameza wawindaji wake, hakujua kwamba Nkuba, yaani Radi, alikuwa amechanjiana nalo damu. Nkuba alimchukua juu mbinguni, akakaa huko mwaka mzima akiteswa kwa baridi na jua, akikanywa kuhusu kiburi chake. Mgwisho haukumsaidia. Aliporejea aliwapa watu wake sheria, na miongoni mwake ni hizi: mgonjwa apitaye kijijini asidhihakiwe, na watoto wazaliwe warefu kwa wafupi.

Kwa mtazamo wetu, hapo ndipo maana ya utendi inapotimia. Aliyekataliwa kwa sababu ya maumbile yake anakuwa mlinzi wa wale ambao maumbile yao yangewafanya wakataliwe. Nguvu ilimwokoa, adabu ndiyo iliyompa hadhi ya kutawala.

5.0 Hitimisho

Suala hili si la fasihi peke yake. Mwaka 1993 mauaji yalianzia Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Na tangu hapo vijana wengi wa nchi hizo wamekua wakiulizwa wao ni wa kabila gani kabla ya kuulizwa majina yao. Makundi ya silaha yamewaandikisha watoto, na kijana asiye na wa kumpokea huweza kuamini kwamba bunduki ndiyo itakayompa utu. Kumsomesha Mwindo nusu, tukikoma kwenye ushindi, ni kumthibitishia imani hiyo.

Mwalimu wa fasihi awe Kirotshe, Dar es Salaam au Nairobi, akiufundisha utendi huu kwa Kiswahili, hana budi kuufikisha mwisho wake. Wanafunzi wamwone shujaa akiwa na mgwisho wake, kisha wamwone mbinguni akitetemeka kwa baridi, mgwisho umeshindwa. Hapo ndipo swali la kuwauliza: ni nani aliyekuwa ameishika ncha ya pili ya kamba?