Bango Linalokanyagwa

Kwenye televisheni, tangazo lililo kando ya goli huonekana bango lililosimama wima. Beki anayekimbilia kona hulikanyaga, nalo halianguki. Ni zulia lililotandazwa kwenye nyasi, herufi zake zikiwa zimevutwa na kupindwa kwa hesabu ili kamera kuu ya jukwaani izione zimesimama. Mchezaji aliye juu yake haoni ila michirizi mirefu ya rangi.

Ujanja huu si wa juzi. Mwaka 1533 Hans Holbein alichora picha ya mabalozi wawili, ambayo leo iko National Gallery, London. Miguuni pao kuna doa refu la kijivu, limelala mshazari, lisilomwambia chochote anayeitazama kwa mbele. Akisogea kulia, karibu na ukuta, akaitazama kwa ubavu, doa linageuka fuvu la binadamu. Mabalozi nao ndio wanaoharibika.

Chanzo ni jicho lenyewe. Picha inayojengeka kwenye retina haina kina: kitu kidogo kilicho karibu na kikubwa kilicho mbali vinaweza kuchukua nafasi ileile. Ubongo hulazimika kukisia kwa kufuata dalili kama vile mistari inayokaribiana, vivuli, na vitu vinavyozidi kupungua. Macho mawili husaidia, kwa kuwa kila moja huona kutoka mahali tofauti kidogo, lakini kwa vitu vya mbali sana tofauti hiyo huwa ndogo mno. Hapo ndipo mchoraji hodari anapopata mwanya.

Andrea Pozzo aliutumia vilivyo. Kanisa la Sant'Ignazio, Roma, halikujengewa kuba, hivyo mwaka 1685 akachora kuba bandia kwenye turubai na kuliweka darini. Sakafuni kuna alama ya marumaru inayoonyesha pa kusimama. Ukiiacha na kuendelea kutembea, kuba linaanza kuinama kama linataka kuanguka.

Francesco Borromini alithubutu zaidi, maana yeye alijenga. Ujia wake katika Palazzo Spada, mjini humohumo, huonekana kuwa na zaidi ya mita 30, kumbe hazifiki 10. Nguzo zinafupika, sakafu inapanda, dari inashuka. Sanamu iliyo mwishoni, inayodhaniwa kuwa na kimo cha mtu, ina takriban sentimita 60. Mtu akiingia ndani, siri inafichuka: kila hatua anazidi kuwa jitu.

Dalali wa nyumba aliyejibana kwenye kona na simu yenye lenzi pana anaifanya kazi hiyohiyo bila marumaru. Kitanda kilicho karibu kinavimba, ukuta wa mbele unarudi nyuma, na chumba cha futi 10 kwa 10 kinageuka ukumbi. Mpangaji na aje na futi yake ya kupimia.