Daktari Aliyependa Kusafiri

 Leo hatusomi habari za mbolea, wala namna ya kuandika barua. Tunasoma habari za mtu mmoja mwenye kazi nyingi, na jambo alilolipenda nje ya kazi. Kama mna ramani ya dunia, itundikeni ukutani. Mmoja wenu asimame karibu nayo, aifuate njia kwa kidole.

Mtu huyo ni Mrusi, jina lake Anton Chekhov. Alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Taganrog, kusini ya Urusi. Babu yake alikuwa mtwana wa shamba, yaani mali ya bwana mwenye ardhi, akajikomboa kwa fedha. Baba yake alikuwa na duka, duka likafilisika. Anton alikwenda Moscow, akasoma udaktari, akamaliza mwaka 1884. Wakati wa kusoma aliandika hadithi fupi za kuchekesha katika magazeti ili wazazi na ndugu zake wapate chakula. Basi tangu ujana wake alikuwa na kazi mbili: kutibu wagonjwa na kuandika.

Mwaka uleule wa 1884 alianza kutema damu. Dalili hiyo mnaijua. Ni ya kifua kikuu. Mwaka 1889 ndugu yake Nikolai alikufa kwa ugonjwa huo. Wakati ule dawa ya kuuponya haikuwapo. Kidudu chake kilikuwa kimegunduliwa na Mjerumani Robert Koch mwaka 1882, lakini kumjua mwizi si kumkamata. Dawa ya kwanza ya kukiua, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943. Siku hizi mgonjwa akimeza dawa zake kila siku kwa miezi iliyoamriwa bila kukatiza, hupona. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, usikae nyumbani. Nenda zahanati ukapimwe.

Mwaka uliofuata kifo cha ndugu yake, daktari huyu aliaga jamaa zake akasema anakwenda Sakhalin.

Mwenye kidole, tafuta Moscow. Sasa nenda mashariki, uvuke Urusi yote mpaka bahari, juu ya nchi ya Japani. Kile kisiwa kirefu chembamba ndicho Sakhalin. Serikali ya Urusi ilikuwa ikipeleka huko wafungwa. Hata waliomaliza kifungo walilazimishwa kukaa huko kama walowezi. Rafiki zake walishangaa. Mmoja, mwenye gazeti kubwa, alimwambia kwamba Sakhalin haimhusu mtu yeyote. Chekhov alimjibu kwamba mamilioni ya watu wameozeshwa magerezani, na haifai kusema hayatuhusu. Lakini tusimfanye malaika. Katika barua zake alikiri pia kwamba ameanza kuwa mvivu, na kwamba anahitaji kujizoeza kazi. Sababu hizo mbili zaweza kukaa katika moyo mmoja.

Aliondoka mwezi wa Aprili 1890. Reli ya kuvuka Siberia haikuwapo. Ilianza kujengwa mwaka 1891. Basi alipanda gari la moshi, akapanda meli ya mtoni, akapanda gari la moshi tena, kisha reli ikamwishia. Kutoka hapo alikwenda kwa gari la kukokotwa na farasi, zaidi ya kilometa 4,000. Reli yetu ya kati, kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, ni kama kilometa 1,250. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya mara tatu, juu ya gari lisilo na springi, katika baridi na matope. Mito ilikuwa imefurika. Usiku mmoja, kabla ya kufika mji wa Tomsk, gari la posta lililokuja mbio liligonga gari lake, naye akarushwa chini. Aliinuka akaendelea. Viatu vyake vipya vilimbana miguu, na habari hiyo aliiandikia nyumbani kwa uchungu mwingi kuliko ile ya kugongwa!

Alifika kisiwani mwezi wa Julai, akakaa miezi mitatu. Hapo ndipo utaona daktari na msafiri wakifanya kazi pamoja. Alipiga chapa kadi ndogo zenye maswali: jina, umri, mwaka wa kufika, kazi, ndoa, kusoma na kuandika, ugonjwa. Kila siku aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza na kuandika kwa mkono wake. Alijaza kadi kama 10,000. Kwa nini kadi? Kwa sababu huwezi kuingia nyumba ya mfungwa na kumwambia, "Nieleze shida zako." Ataogopa. Lakini mtu mwenye kadi na kalamu ana sababu ya kubisha hodi. Hodi hiyo ikipokelewa, mazungumzo huja yenyewe. Aliona pia mfungwa akichapwa viboko, na kwa siku kadhaa usingizi wake haukuwa mzuri. Yote aliyoyaona aliyaandika katika kitabu kilichotoka kizima mwaka 1895. Aliwatumia watoto wa kisiwa vitabu vya shule pia.

Kurudi alirudi kwa meli. Mwenye kidole, shuka kusini: Hong Kong, Singapore, kisha Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo kinaitwa Sri Lanka. Hong Kong alisifu barabara, na reli ipandayo mlima. Warusi wenzake walipolalamika kwamba Waingereza wanawanyonya wenyeji, aliwaza moyoni kwamba ni kweli, lakini wamewapa barabara na maji ya bomba. Sisi tuliotawaliwa tuna maneno yetu juu ya jambo hilo, lakini si somo la leo.

Njiani, kabla ya Singapore, abiria wawili walikufa, wakashonewa turubai na kutupwa baharini. Katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga pwani yetu, Chekhov alijirusha majini kutoka mbele ya meli ikienda, akashika kamba nyuma yake. Siku moja akiwa majini aliona papa. Mtu mwenye kifua kibovu, na daktari! Hapo mimi nisingemfuata.

Ceylon aliiona kama pepo. Alinunua nguchiro, akadhani amepata nguchiro watatu. Alipofika kwao ilionekana kwamba mmoja ni fungo. Mjini au kijijini, mgeni huuziwa vitu. Nguchiro mmoja alivunja vyombo na kuchimbua vyungu vya maua mpaka mwenyewe akampeleka kwenye bustani ya wanyama ya Moscow.

Mwaka 1892 alinunua shamba Melikhovo, kusini ya Moscow, na hapo kazi ilimzidi. Wakulima walimjia tangu alfajiri, akawatibu bila malipo. Mwaka huohuo kipindupindu kilitisha nchi. Alipewa kuangalia vijiji 25, viwanda 4 na nyumba moja ya watawa. Alikataa mshahara, ili asifungwe mikono na serikali. Siku hizo hakusafiri wala hakuandika. Alilalamika katika barua kwamba farasi zake ni wabovu, na yeye mwenyewe hajui njia.

Mwaka 1897 damu ilimtoka nyingi akiwa mezani katika hoteli. Madaktari walimwambia aishi penye joto. Alikwenda Nice, Ufaransa, kisha akahamia Yalta, kando ya Bahari Nyeusi. Mwaka 1904 Urusi ilipopigana na Japani, alisema atakwenda vitani kama daktari, huku hawezi kupanda ngazi bila kupumzika.

Katikati ya mwaka huo mkewe Olga alimpeleka Badenweiler, Ujerumani. Siku chache kabla ya kufa kwake, tarehe 15 Julai, alimwandikia dada yake barua. Alisema joto limemkuta na nguo za baridi tu, na mkewe amekwenda mjini kuagiza suti nyepesi. Alisema pia kwamba anataka kurudi nyumbani kwa bahari, kwa meli kutoka Trieste mpaka Odessa, na anaulizia meli hizo. Mwenye kidole, tafuta Trieste. Iko pale Italia inapoanza kushuka, kwenye pembe ya bahari.