Bomba la Kupumulia: Kinga ya Nyumba dhidi ya Hewa Chafu ya Choo

Wapo wateja wanaosafisha choo kila siku, lakini harufu haiondoki. Wengine huita gari la kunyonya majitaka na kulilipa, ilhali shimo halijajaa. Mara nyingi kasoro si usafi wala shimo, bali ni bomba la kupumulia ambalo halikuwekwa.

Katika miji midogo kama Usinge, wilayani Kaliua, majitaka ya choo cha maji huishia kwenye shimo lililo uani. Humo uchafu huoza na kutoa gesi. Kinachozuia gesi hiyo isirudi ndani ni maji yanayotuama kwenye shingo ya sinki la choo.

Maji mengi yanapomwagwa kwa mara moja, huvuta hewa nyuma yake. Hewa hiyo isipopatikana kupitia bomba la kupumulia, yale yaliyotuama nayo hunyonywa, na gesi hupata njia. Mlio wa kugugumia baada ya kumwaga maji ni dalili ya hali hiyo.

Tunamshauri mteja ahakikishe yafuatayo kabla fundi hajafukia mabomba:

1. Bomba la kupumulia, kwa kawaida la inchi 4, limeungwa kwenye bomba la majitaka karibu na choo.
2. Limepanda hadi juu ya paa, mbali na madirisha, na mdomo wake haukuzibwa.
3. Mdomoni pana wavu wa kuzuia ndege na mbu.

Choo cha shimo nacho huhitaji bomba lenye wavu. Nzi waliomo shimoni hufuata mwanga wa juu ya bomba, wakanaswa hapo.

Wakati wa kiangazi, maji ya choo kisichotumika hukauka. Tunashauri yaongezwe kila baada ya siku kadhaa.

Mtu asiingie shimoni wala asilimulike kwa moto. Gesi ya methani huwaka. Ile ya haidrojeni salfaidi ikizidi hupumbaza pua, na mtu huweza kuzirai akidhani harufu imekwisha.

Bomba hili halihitaji mtaalamu kulitambua. Kabla ya kumalizia malipo ya fundi, mteja asimame uani na kutazama juu ya paa. Asipoliona, aulize.