Nani Aliishi Humu Kabla Yako?

Mwaka wangu wa kwanza hapa London nilikuwa napita Cambridge Street, mtaani Pimlico, karibu kila siku nikiwahi basi. Siku moja mvua ikanisimamisha mbele ya nyumba namba 95, nikainua macho. Kumbe ukutani pana kibao cha bluu: Jomo Kenyatta aliishi hapo kuanzia 1933 hadi 1937! Miezi yote ile nimepita kama kipofu.

Wakati ule Kenyatta hakuwa rais wa mtu. Alikuwa mpangaji tu kama mimi na wewe, akisoma kwa Profesa Malinowski pale LSE. Masomo hayo ndiyo yaliyozaa kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938. Nikajiuliza: je, Waafrika wengine ambao hawakuja kuwa marais, wao walilala wapi? Tangu siku hiyo nimekuwa nikipekua, na njia zenyewe ni hizi.

Kwanza, litazame jengo. Nyumba nyingi za Pimlico zilijengwa karne ya 19 na mkandarasi Thomas Cubitt kwa ajili ya familia zenye uwezo. Baadaye nyingi ziligawanywa vyumba vya kupangisha. Ukiona kengele sita kwenye mlango mmoja, ujue hapo pana historia. Ila angalia ramani za zamani kwanza, maana mitaa mingi ya London imebadilishwa majina na namba. Unaweza ukafuatilia nyumba ya jirani bure!

Pili, sensa. Hapa huhesabiwa watu kila baada ya miaka 10, na majina yamehifadhiwa tangu 1841. Lakini hufungwa kwa miaka 100, kwa hiyo ya karibuni iliyo wazi ni ya 1921, iliyofunguliwa 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Yaani miaka ileile ya akina Kenyatta ndiyo yenye pengo. Linalosaidia kidogo ni daftari la wakazi lililoandikwa Septemba 1939, vita vilipoanza.

Tatu, nenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya halmashauri ya mtaa wako. Uliza vitabu vya anwani na madaftari ya wapiga kura. Vitabu vya anwani vilimwandika zaidi mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba cha juu hayumo. Nne, orodha za abiria wa meli, zilizoko National Archives, Kew. Nyingi zinaonyesha jina, umri, kazi, na mahali abiria alikokuwa anakwenda kufikia.

Usishangae ukikuta majina yetu ni machache. Wenye nyumba wengi walikuwa wakiwafungia milango watu weusi, na waliopata chumba walihamahama. Ndiyo maana chama cha wanafunzi wa Afrika Magharibi, WASU, kilifungua hosteli yake Camden mwaka 1933. Mtu asiyekaa mahali pamoja haachi alama kwenye karatasi. Alama yake imebaki vichwani mwa watu.

Kwa hiyo, kabla ya karatasi, watafute wazee wetu waliokuja kusoma miaka ya 60. Mwamkie mzee, kaa naye kwa chai, muulize: ulifikia nyumba gani? Nani alikupangisha? Mlipikia wapi ugali? Andika na tarehe. Hifadhi itakuwapo mwakani; mzee hatuna hakika.

Na wewe mwenyewe je? Ukiwa Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda unayeishi hapa kihalali, kama raia wa Jumuiya ya Madola unaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura. Wengi wetu hatujui, au tunapuuza. Daftari hilo huhifadhiwa. Miaka 80 ijayo mwanafunzi mwingine kutoka nyumbani atasimama mbele ya nyumba unayolala leo, akiuliza nani aliishi humu. Jina lako likiwemo, atajua hakuwa wa kwanza.

Haya, kesho ukitoka, inua macho. Tuonane toleo lijalo.