Gobore la Babu: Tulitengeneze, Tulihifadhi au Tuliuze?

Ndugu msomaji, mzee wa ukoo anapofariki, matanga yakiisha warithi huketi wakagawana mashamba, mifugo na vyombo. Katika vijiji vilivyo kando ya njia ya zamani ya misafara, kama vile Kigwa, mashariki ya mji wa Tabora, wakati mwingine mgawo huo huingiliwa na jambo lisilotazamiwa. Mtu hupanda darini au huinua kitanda cha marehemu, akatoka na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gunia. Ni gobore. Mtutu umeliwa na kutu, kitako kimetobolewa na wadudu, na mdeki wake haupo.

Hapo ndipo maneno huanza. Kijana mmoja husema lipelekwe kwa fundi likatengenezwe, lifukuze nguruwe na nyani mashambani. Mwingine husema ni heshima ya ukoo, lirudishwe lilipokuwa. Wa tatu amekwisha sikia kwamba mjini yuko mtu anayenunua vitu vya kale kwa fedha nyingi. Mjane na akina mama wa nyumba hiyo mara nyingi hawaulizwi neno, ingawa ndio wanaolala na watoto chini ya dari hilo.

Makala haya yanakusudia kuisaidia familia iliyofikwa na jambo kama hilo. Uamuzi wowote utakaofikiwa, upo utaratibu wa kuufikia, na anayeuruka utaratibu huo huweza kupoteza mali, uhuru, au hata maisha ya mtoto.

LILIFIKAJE KIGWA?

Huwezi kuamua vyema juu ya kitu usichokijua. Katika karne ya 19 Kigwa kilikuwa kituo katika njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tura na Rubuga, kisha Kigwa, na hatimaye Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa pwani. Nguo, shanga, waya za shaba, bunduki na baruti zilipandishwa bara mabegani mwa wapagazi.

Nyingi za bunduki hizo zilitengenezwa Ulaya, hasa katika miji ya Birmingham nchini Uingereza na Liège nchini Ubelgiji. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia kwa mdomo wa mtutu, yakachukua zile za kutia risasi kwa nyuma. Silaha zilizoachwa ziliuzwa kwa bei rahisi, na Afrika ikawa soko lake kubwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na mambo mengine uliwekea mipaka biashara hiyo ya silaha.

Silaha hizo hazikukaa bure. Katika miaka ya 1860 Mnywa Sele alipigania kiti cha utemi wa Unyanyembe dhidi ya Mkasiwa aliyeungwa mkono na Waarabu. Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta Rubuga na Kigwa zimeharibiwa na vita. Mwaka huo huo Mtemi Mirambo na rugaruga wake waliishambulia Tabora na kuchoma sehemu yake. Mwezi Januari 1893, Mtemi Isike alipoona Wajerumani wameingia ndani ya boma lake, aliilipua ghala ya baruti kuliko kukubali kutekwa. Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Tabora kutoka kwa Wajerumani, na vita hivyo pia viliacha bunduki nyuma yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, gobore lililo darini lina pande mbili. Huenda lililinda boma na mazao ya watu wako. Huenda pia lilitumika kuwakamata wengine na kuwapeleka pwani wakiwa minyororoni. Mrithi mwenye busara huzikubali pande zote mbili. Hachagui ile inayompendeza tu.

KWANZA, LICHUKULIE KUWA LINA BARUTI

Watu wengi huamini kwamba silaha iliyokaa miaka 80 au 100 bila kuguswa imekufa. Imani hiyo ni ya hatari. Wenye magobore walikuwa na desturi ya kuyaweka yakiwa yameshindiliwa tayari, ili chui au mwizi akija usiku wasipoteze wakati. Mwenyewe akifa, shindilio hubaki ndani ya mtutu. Baruti nyeusi haiozi kama unga wa mahindi. Ikilowa hulala, ikikauka huamka. Cheche moja hutosha.

Hivyo basi, usivute mtambo ili kuona kama bado unafanya kazi. Usichungulie katika mdomo wa mtutu. Usiutie mtutu motoni kwa nia ya kulegeza kutu, usiugonge kwa nyundo, wala usiupeleke kwa mhunzi akautoboe au kuuchomelea. Mafundi wenye ujuzi hupima kwa kuteremsha ufito ndani ya mtutu na kulinganisha kina chake na urefu wa nje. Ufito ukikwama kabla ya kufika chini, kuna kitu ndani. Kazi hiyo waachie wao. Kazi yako ni kuliweka gobore mahali pakavu, mdomo wake ukielekea pasipopita mtu, mbali na jiko, na kuwaondoa watoto. Kama zimo pembe za baruti au vibweta vya fataki, visiguswe, na mtu yeyote asivute sigara karibu.

PILI, SHERIA HAIANGALII KUTU

Gobore ni silaha, hata likiwa limechakaa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni, na leseni ni ya mtu mwenyewe. Mzee akifariki, leseni yake haigeuki kuwa ya mwanawe kwa sababu tu mwana amerithi nyumba. Ama warithi wengi hawapati karatasi yoyote, kwa kuwa gobore lilirithiwa kutoka kwa babu wa babu bila kuandikishwa popote.

Jambo la kufanya ni kutoa taarifa mapema, kabla jirani mwenye chuki hajakutolea. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi bila ya kubeba silaha hiyo. Eleza ilivyopatikana, na uwaombe waje waione au wakuambie namna ya kuifikisha. Mtu anayekutwa ndani ya basi au juu ya baiskeli na gobore lililofungwa gunia atapata shida kueleza kuwa alikuwa njiani kwenda kulisalimisha, hasa katika mkoa wenye misitu na wanyama kama Tabora, ambako magobore yametumika sana katika ujangili.

Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari silaha wanazozimiliki kinyume cha sheria. Miezi ya Septemba na Oktoba ya mwaka 2022 ilikuwa kipindi cha namna hiyo. Tangazo kama hilo likitoka, familia isilipuuze. Hata hivyo si busara kukaa miaka ukilingoja huku silaha iko juu ya vichwa vya watoto.

KULITENGENEZA?

Hebu sasa tuyatazame yale mashauri matatu ya warithi. La kwanza ni la kijana anayetaka gobore lirudi kazini. Shauri hilo halifai. Kutu haili uso wa chuma peke yake. Huchimba vishimo ndani ya mtutu, mahali macho yasipofika. Mtutu wa namna hiyo ukishindiliwa baruti huweza kupasuka karibu na shavu na mkono wa mpigaji. Mengine tunayoyaita ya babu hayakutoka Ulaya kamwe; yaliundwa na wahunzi kwa mabomba ya maji, na hayo ni hatari zaidi. Isitoshe, fundi asiye na kibali cha kutengeneza silaha anavunja sheria, na aliyempelekea kazi anavunja pamoja naye.

Yuko pia anayetaka kulisafisha tu ling'ae ukutani. Huyo naye na asubiri. Msasa na brashi ya waya huondoa kutu, lakini huondoa pia alama zinazoeleza asili ya silaha. Bamba la mtambo lenye taji na neno TOWER huashiria mtindo wa Uingereza, ingawa alama hiyo iliigwa na watengenezaji wengine. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana juu ya mtutu ni alama za wakaguzi wa Birmingham, ambao nyumba yao ilianzishwa mwaka 1813. Herufi ELG ndani ya duara refu kama yai ni alama za Liège. Zikiwa na taji juu yake, mtutu huo ulikaguliwa mwaka 1893 au baadaye. Mtambo wenye taya za kubana jiwe ni wa gumegume; wenye nyundo inayogonga chuchu ndogo ya chuma ni wa fataki, uliokuja baadaye. Ukisugua alama hizo, umefuta cheti cha kuzaliwa.

Vivyo hivyo using'oe misumari ya shaba iliyopigwa kitakoni, wala ngozi iliyofungwa mahali mti ulipopasuka, wala usipake vanishi. Hayo ndiyo mambo yaliyoongezwa na mikono ya watu wetu. Bunduki ilitoka Birmingham sawa na nyingine elfu. Misumari ile ndiyo iliyoifanya iwe ya ukoo fulani wa Unyamwezi. Silaha ikishathibitishwa kuwa tupu na kukubaliwa na sheria, kitambaa laini chenye mafuta kidogo juu ya chuma, pamoja na mahali pakavu pasipo mchwa, vinatosha.

KULIUZA?

Shauri la pili ni la fedha, na halistahili kudharauliwa, maana kuna ada za shule na matibabu. Lakini mnunuzi anayekuja jioni, asiyetaka mwenyekiti wa kijiji ajue, si mnunuzi bali ni mtego. Watu wa namna yake ndio wanaozunguka vijijini wakiulizia rupia za Mjerumani na hazina zilizofukiwa. Kumwuzia silaha mtu asiye na kibali ni kosa, na silaha hiyo ikitumika kuua, jina lako litakuwa la kwanza kutajwa.

Tena bei zinazosemwa vijiweni ni ndoto. Magobore ya biashara yalitengenezwa kwa malaki, na moja lililoliwa na kutu halina thamani kubwa katika soko la wakusanyaji. Linalopandisha thamani ni habari iliyothibitika: lilikuwa la nani, lilipatikana lini, lilitumika wapi. Mnunuzi wa njiani hulichukua gobore na kuiacha habari. Na kama ni kulitoa nje ya nchi, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayodhibiti uuzaji na usafirishaji wa vitu vya kale. Waulize maofisa wa Mambo ya Kale kwanza.

KULIHIFADHI, LAKINI WAPI?

Linabaki shauri la tatu, la kulihifadhi. Hili ndilo jema kuliko yote, mradi neno kuhifadhi lisitumike kwa maana ya kusahau. Kulirudisha darini si kulihifadhi. Familia iliyopata kibali na yenye mahali pa kufungia kwa ufunguo yaweza kukaa nalo. Familia isiyo na hayo, nazo ndizo nyingi, na ifikirie kulitoa kwa jumba la makumbusho kwa kupitia polisi. Karibu kabisa na Tabora, huko Kwihara, ipo nyumba ya kumbukumbu mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872. Wageni huenda pale kusoma habari za msafiri wa Kiskoti. Ingependeza pia wakute habari za wapagazi, wawindaji na wakulima wa Kigwa, zikielezwa na watoto wao.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla gobore halijaondoka nyumbani, kwa njia yoyote ile, ukoo na ukae kikao. Lipigwe picha pande zote na alama zake. Wazee waulizwe, na hasa bibi, ambao aghalabu wanakumbuka mengi kuliko wanavyodhaniwa: liliingiaje nyumbani, nani alilishika, liliua nini, lilimwumiza nani. Yaandikwe yote, ya sifa na ya aibu, pamoja na tarehe na majina. Nakala moja ibaki kwa ukoo, nyingine iende na silaha.

Familia itakayofanya hivyo haitakuwa imepoteza urithi wake, hata gobore likichukuliwa. Polisi wataondoka na chuma na mti, na wajukuu watabakiwa na historia. Lakini ile inayolificha darini miaka mingine 20 haitakuwa na historia wala mali. Itakuwa na baruti iliyolala juu ya watoto waliolala. Basi, ndugu msomaji, kama kitu hicho kimo nyumbani kwenu, liwekeni jambo hili katika kikao cha ukoo kijacho, na siku hiyo akina mama nao waketi na kusema.