Sumu ya Kipindupindu na Maana ya Kiu

Katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, jijini Nairobi, wakazi wengi hununua maji kwa mtungi, na mabomba ya plastiki hupita kando ya mitaro ya majitaka. Bomba likipasuka, uchafu hupata njia. Jiji hilo lilikumbwa na kipindupindu mwaka 2015 na tena mwaka 2017. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini maradhi haya huleta kiu kali ambayo maji matupu hayawezi kuikata.

Kinachomkausha mgonjwa ni sumu itolewayo na bakteria. Mwaka 1959, mtafiti wa Kihindi, S. N. De, alifunga kipande cha utumbo wa sungura, akatia ndani yake kimiminiko ambamo bakteria hao walikuwa wamekuzwa kisha wakachujwa. Utumbo ulijaa maji ingawa bakteria hawakuwamo. Ikabainika kwamba sumu peke yake yatosha.

Sumu hiyo hujibandika kwenye seli za utumbo mwembamba na kuzilazimisha kutoa kloridi bila kukoma. Sodiamu huifuata kloridi, nayo maji huifuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Damu ipungukiwapo na maji, figo huchochea homoni zinazouarifu ubongo, na kiu huzuka. Lakini kwa kuwa kilichotoka ni maji pamoja na chumvi, maji matupu hayafyonzwi ipasavyo, na yale yafyonzwayo huizimua chumvi iliyosalia mwilini.

Hata hivyo, sumu hufungua mlango wa kutokea tu. Haiufungi ule ambao sodiamu na sukari huingilia pamoja, zikiyavuta maji. Mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis aliutumia mlango huo kuwaokoa wakimbizi wa vita vya Bangladesh kwa kuwanywesha maji ya chumvi na sukari.

Kipimo cha nyumbani ni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vilivyosawazishwa. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya. Dhana kwamba anayehara anyimwe kinywaji ni ya hatari: humwacha akauke ilhali mlango wa kumwokoa ungali wazi.