Feza Wanakata ku Mushahara Inakwenda Wapi?

Siku ya malipo wengi wanaangalia nafasi moja tu ya karatasi ya mushahara: kule chini, feza ya kupeleka nyumbani. Halafu karatasi inakwenda kufunga karanga. Mwezi huu kaa na bibi yako, muisome kutoka juu.

Mutaona mustari wa CNSS, ile INSS ya zamani. Jina liligeuka katika mwaka wa 2018. Hapo mutumikaji anakatwa 5 kwa mia. Tuseme mushahara wenye kukatwa ni franka 600.000: wewe unatoa 30.000. Lakini kompani nayo inapaswa kuongeza 13 kwa mia, ni kusema 78.000, na hiyo haitoke mu mufuko yako. Basi 108.000 inapaswa kufika ku CNSS kwa jina lako kila mwezi, kwa ajili ya pansioni ya uzee, ya mujane na yatima, posho ya watoto, na aksida ya kazi.

Kisha kuko kodi ya mushahara, ile tulizoea kuita IPR. Inahesabiwa wakati ile 30.000 imekwisha kutoka, na inapanda namna mushahara unapanda.

Na hospitali? Vijana wanafikiri ni CNSS inalipa malaria ya mutoto. Hapana. Sheria ya kazi ya 2002 inaagiza patroni mwenyewe atunze mutumikaji na jamaa yake, ugonjwa na kuzaa pia, mpaka mwisho wa kontra. Kama wanakukata feza ya dawa, uliza ni ya nini.

Sasa jambo kubwa: kukatwa siyo kufika. Karatasi inaonyesha tu kwamba walikata. Wewe unayetumika miezi sita kwa sutretani huyu, miezi sita kwa mwingine, namba yako ya CNSS ni moja tu. Wakikupa mupya kila mara, miezi yako itatawanyika. Uende ku ofisi ya CNSS na karatasi zako, uulize kama miezi imeandikwa, wakati kompani ingali pale.

Mama, wewe unajua namba ya bwana yako? Siku ya kilio ndugu watafikiria televizyo, karatasi watazitupa. Na ndoa ya kanisa peke yake haitoshe: kunaombwa karatasi ya ndoa ya Serikali, na ya kuzaliwa kwa kila mutoto. Wale hawajaandikishwa ku komini, muanze nao.